Kuku wa Siku ya Hesabu

Firigisi ya kwanza niliyokula maishani mwangu niliila kazini. Nyumbani kwetu Misigiri firigisi ilikuwa ya baba, na baba asipokuwepo ilifunikwa kwenye kibakuli mpaka arudi, hata kama alikuwa amekwenda mnadani na atalala huko. Sisi watoto wa kike tuliipasua, tukaimenya ile ngozi ya njano ya ndani, tukaiosha na kuipika, na hapo ndipo safari yetu na firigisi ilipoishia. Nikasoma, nikaajiriwa, nikawa mchumi wa halmashauri. Siku nilipokwenda kijijini kwa mara ya kwanza kuhesabu kuku, mama mmoja akaniwekea firigisi juu ya ugali wangu wa uwele. Nilimtazama dereva, maana ndiye aliyekuwa mwanaume peke yake pale mkekani, naye akajifanya anatafuta maji ya kunawa.

"Kula," yule mama akasema. "Wewe ndiye mgeni."

Niliila. Ilikuwa tamu, sitasema uongo. Tangu siku hiyo nimekula firigisi nyingi kuliko marehemu baba, na sasa nikiiona sahanini nasikia uchovu unaanzia mabegani.

Kazi yangu ukiiandika kwenye karatasi inapendeza. Halmashauri ina mpango wa kukuza uchumi wa wananchi wake, na mimi ni mmoja wa wanaochagua vitu vya kupima ili tujue kama mpango unakwenda au umelala. Vitu hivyo tunaviita viashiria. Kila robo ya mwaka natoka na gari, nahesabu, narudi, naingiza kwenye mfumo, na mfumo unakipaka kijiji rangi. Kijani maana yake vizuri, njano maana yake tunakutazama, nyekundu maana yake umeharibu. Jirani yangu wa Utemini, anayeuza vitenge, aliniuliza mara moja kama kweli nalipwa kwa kupaka vijiji rangi. Nilikasirika, maana ndivyo ilivyo.

Kiashiria cha kuku tulikichagua kwenye ukumbi mmoja hapa Singida Mjini, dirisha likitazama ziwa. Mradi ulikuwa wa kuku wa kienyeji, jambo ambalo halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Singida. Vikundi vya akina mama vingesaidiwa mabanda, chanjo na ushauri, na vijiji vichache vingepata friji la sola la kuhifadhia chanjo ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku. Swali lilikuwa tutajuaje kama mambo yanakwenda. Mwezeshaji, kijana mpole mwenye sauti ya redio, alisema kiashiria kizuri ni kile ambacho watu wawili tofauti wakikitazama wanapata jibu moja.

Mimi nilinyoosha mkono. Nikasema tupime kuku waliouzwa, na tuulize ile pesa ilifanya nini nyumbani. Akaandika maneno yangu kwenye bango na kuweka alama ya kuuliza mbele yake.

"Ushahidi utakuwa nini, dada? Risiti?"

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka nao. Mnunuzi wa kuku anakuja na bodaboda na tenga, anapapasa kifua cha kuku, mnabishana bei, analipa, na jioni yuko barabarani anasubiri basi la Dar es Salaam. Risiti ataitoa wapi? Yule mwezeshaji akasema kuku aliyeuzwa haonekani, lakini kuku aliye bandani anaonekana. Basi tupime kuku wakubwa walioko bandani siku ya ukaguzi. Chakula kilikuwa kimeshawekwa mezani na harufu ilikuwa imeingia ukumbini. Tukapitisha. Mtu mmoja akapendekeza tuongeze kwamba kijiji kikibaki chekundu, friji lake lihamishiwe kijiji kinachofanya vizuri, ili watu wasibweteke. Tukapitisha na hilo.

Yule mama aliyenipa firigisi alikuwa mwenyekiti wa kikundi katika mojawapo ya vijiji vyenye friji. Tulimwita Mama Mwenyekiti. Mjane, mrefu, anavaa koti la marehemu mumewe kwa sababu ya upepo wetu huu usiochoka, na akicheka hatoi sauti, mabega tu ndiyo yanayotikisika. Friji lilikuwa limewekwa ofisi ya kijiji, lakini ufunguo alikuwa nao yeye. Kila asubuhi alikwenda kuweka mkono juu yake asikie kama linanguruma, kisha ndipo akaenda shambani. Niliwahi kumtania kwamba ameolewa tena.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe hujaona kideri." Akanisimulia mwaka mmoja kabla ya chanjo, alivyoamka akafagia uwanja, na alichokuwa anafagia ni kuku. Mumewe alikuwa mgonjwa mwaka ule na wale kuku ndio waliokuwa nauli ya hospitali. "Friji hili likiondoka, mimi kufuga basi. Siwezi kufagia tena."

Nilijua basi, tangu mwanzo, yule mama alikuwa analinda nini. Ndiyo maana yaliyofuata yalinichosha kuliko kazi nyingine yoyote niliyoifanya.

Ukaguzi wa kwanza ulikuta banda lina kuku wachache. Kikundi kilikuwa kimeuza karibu wote kabla shule hazijafunguliwa, kwa bei nzuri, na walikuwa wamebakiza matetea wa kuatamia na jogoo mmoja mwenye kiburi. Watoto walikuwa wamekwenda shule na viatu. Nyumba mbili zilikuwa na mabati mapya. Mimi niliyaona hayo yote kwa macho yangu, halafu nikahesabu waliobaki kama mwongozo ulivyosema. Kijiji kikawa chekundu.

Na si kuuza tu kulikopunguza kuku. Sisi wenyewe tulikuwa tunawala. Alikuja mtu wa kata kufuatilia, akachinjiwa. Tukaja sisi wa wilaya, tukachinjiwa. Wakaja wa mkoa, wakaja waliotoa fedha, wakaja waliokuja kuona kama waliotangulia walifika kweli, na wote wakachinjiwa. Tulijaribu kukataa. Tulibeba soda na biskuti kwenye gari, tukasema tumekula njiani.

"Mmekula njiani," Mama Mwenyekiti alisema. "Hapa hamjala."

Ukisisitiza unamvunjia heshima, na watu wa kwetu wanaojua hilo hawasisitizi. Nyumba iliyoacha mgeni wa ofisi aondoke na mboga za majani itasemwa mpaka wajukuu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini sisi tulikuwa wageni wa siku moja kila mara tulipokuja, kwa hiyo zamu yetu ya jembe haikufika. Tulikuja kuhesabu, tukala, tukahesabu waliobaki. Dereva wangu alikuwa anasema tungehesabu kwanza ndipo tule. Nilijaribu na hilo. Lakini kuku wa mgeni anakamatwa gari likionekana kwa mbali, kabla hujashuka.

Nilikwenda kwa mkuu wangu wa idara kumwomba kiashiria kibadilishwe. Ni mzee muungwana aliyekaribia kustaafu, anayekunywa chai ya tangawizi kutwa na kusikiliza bila kukatiza. Nikamwambia kiashiria chetu kinamwadhibu anayeuza na kumsifu ambaye kuku wake wamekosa soko. Nikamwambia kijiji chekundu ndicho kinachofanya vizuri. Nilisema kwa ukali kidogo, nadhani nilipiga hata meza.

"Hata mimi najua," akasema.

"Sasa, mzee?"

"Sasa kiashiria hakibadilishwi katikati ya mpango. Ukibadilisha leo, mwakani utalinganisha na nini? Na mfumo umeshafungwa. Vumilia, binti yangu. Mpango ujao tutaandika vizuri."

Jambo baya ni kwamba hakuwa amekosea. Ukibadilisha kipimo kila unapochukia jibu, huna kipimo. Hilo nilifundishwa chuoni na ningemfundisha mtu mwingine. Nilitoka ofisini kwake nikakaa kwenye gari bila kuwasha injini, na sikuwa na hasira tena, nilikuwa nataka kulala tu.

Nikarudi kijijini kuwapa taarifa: wamebakiza robo moja. Ikipita wakiwa wekundu, friji linakwenda kwingine. Nilisema hayo uwanjani kwa Mama Mwenyekiti, akina mama wa kikundi wakiwa wamekaa chini wanapura alizeti. Hakuna aliyelalamika. Mama Mwenyekiti alipepeta ungo wake mpaka makapi yakaisha, ndipo akauliza.

"Mwanangu, mnataka tuuze au tusiuze?"

"Mradi unataka muuze, mama."

"Na wewe ukija unataka uwakute."

"Ndiyo."

Mabega yake yakatikisika. Kisha wakahamia Kinyaturu wakazungumza wao kwa wao, haraka haraka. Mimi ni Mnyiramba, nashika neno hapa na pale. Nililoshika ni tetea.

Kwetu tetea hukopeshwa. Huna kuku, unakwenda kwa dada yako au shoga yako, anakupa tetea, unamlea, vifaranga mnagawana, na mama yao anarudi kwao. Nyumba nyingi za mkoa huu zimeanza hivyo, ya mama yangu ikiwemo. Kwa hiyo siku ya ukaguzi wa mwisho, nilipofika nikakuta banda limejaa kuku hadi wanapandana, sikuhitaji kuambiwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hawa kila mmoja alikuwa na kipande cha kitambaa mguuni, cha kanga, cha kitenge, cha shati la shule, ili kila mwenye kuku amtambue wake kesho yake. Ilikuwa kama wamevalishwa kwa sherehe. Walikuwa wametoka vijiji vitatu au vinne, wengine kwa miguu, wengine kwenye matenga juu ya bodaboda.

Mama Mwenyekiti alisimama mlangoni mwa banda na koti lake la kiume, akanitazama moja kwa moja. Hakuomba wala hakujitetea. Mwongozo ulisema nihesabu kuku wakubwa walioko bandani, haukusema niulize ni wa nani. Watu wawili tofauti wangepata jibu moja. Nikahesabu, afisa mtendaji wa kijiji akasaini, tukala, nikapewa firigisi. Kijiji kikawa kijani, na jioni ile nikarudi Utemini nikiwa na furaha, ndiyo, furaha kabisa, kwa sababu friji limebaki.

Kulikuwa na jambo ambalo sote tulilijua lakini hakuna aliyelifikiria. Chanjo ya robo ile ilikuwa haijatolewa. Fedha za robo hutoka baada ya taarifa, na taarifa hutoka baada ya kuhesabu, kwa hiyo tulihesabu kwanza, chanjo ikawa inafuata nyuma. Friji lilikuwa linanguruma tupu. Na kuku wa vijiji vinne walikuwa wamelala banda moja, wakanywa maji ya beseni moja, wengi wao hawajawahi kudondoshewa tone la chanjo tangu watoke kwenye yai.

Siku chache baadaye Mama Mwenyekiti alinipigia simu asubuhi nikiwa nasubiri chai ofisini. Tulisalimiana kwa ukamilifu, shikamoo na marahaba, habari za nyumbani, habari za kazi, na yote alijibu nzuri. Halafu akasema, "Wameanza kupinda shingo."

Nilimtafuta afisa mifugo tukaenda siku hiyohiyo. Alikuta mabawa yameanguka, vinyesi vya kijani, shingo zimegeuka kutazama mgongoni. Alikuwa na kisanduku cha barafu chenye chanjo, kwa sababu fedha zilikuwa zimeingia wiki ile, lakini chanjo si dawa. Kuku akishaugua haimsaidii kitu. Aliiweka kwenye friji vichupa vikiwa vizima, akafunga mlango. Nje, Mama Mwenyekiti alikuwa anafagia. Sikuweza kumtazama, nikaenda kusimama nyuma ya gari, na huko nikalia kama mtoto, mchumi mzima.

Waliokufa hawakuwa wake peke yake. Wenye kuku walikuwa wameshawachukua wao, vitambaa miguuni, na ugonjwa ukaenda nao nyumbani kwao. Kila mmoja alijua umetoka wapi. Hakuna aliyekuja kumgombeza, na nadhani angefurahi kama wangemgombeza. Waliacha tu kupita kwake.

Kwenye mfumo kijiji kilibaki kijani. Nilijaribu kuandika maelezo, lakini sehemu ya maelezo hufunguka kwa kijiji chekundu tu, maana ndicho kinachotakiwa kujieleza. Nikamwambia mkuu wangu kwa mdomo. Alifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Robo ijayo itaonekana," akasema.

Kabla ya robo ijayo, ikaja barua ya ziara ya mafunzo. Wenzetu wa mkoa mwingine walitaka kujifunza kwenye kijiji cha mfano. Walitazama rangi, wakachagua. Nilimwomba mzee aahirishe, akaniambia wageni wameshafika mjini na wamelala hotelini kando ya ziwa. Basi tukaenda, magari matatu, vumbi mpaka puani.

Banda lilikuwa limefagiwa na kupakwa chokaa. Mama Mwenyekiti aliwaambia wageni kwamba limepumzishwa kwa ajili ya usafi, na hilo lilikuwa kweli, maana afisa mifugo ndiye aliyeagiza. Wageni wakaandika: kupumzisha banda. Wakaoneshwa friji, wakalipiga picha likiwa limejaa vichupa. Mmoja wao, mama mnene mwenye kofia ya jua, akauliza siri ya mafanikio ni nini. Mama Mwenyekiti alimgeukia.

"Wanatutembelea sana," akasema.

Nilimtazama. Mabega hayakutikisika.

Kikaja chakula. Ugali, mlenda, na kuku. Nilinyanyuka nikamfuata jikoni, nikamuuliza ametoka wapi huyu.

"Nimemnunua barabarani, kwa wale wa matenga."

"Mama, ungetupa mlenda tu."

"Wageni wa mkoa mwingine?" Alinishangaa kweli. "Mwanangu, nimefiwa na kuku, sijafiwa na adabu. Nenda kakae."

Nikaenda nikakaa. Firigisi ilikuwa juu ya ugali wangu, kama siku ya kwanza. Nilitafuna kwa muda mrefu nikisikiliza yule mama mwenye kofia akisifu ladha ya kuku wa kijiji cha mfano.

Mwisho wa juma nilipanda gari la abiria nikaenda Misigiri kwa mama yangu. Nikamweleza. Mama hajui viashiria, lakini kideri anakijua, na tetea anamjua. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na tetea mweusi mwenye madoa, akachana kipande cha kanga yake kuukuu akamfunga mguuni.

"Mwambie banda lilale kwanza mpaka afisa mifugo aruhusu," akasema. "Na vifaranga tutagawana. Asidhani namhurumia."

Nikasubiri mpaka afisa mifugo akaruhusu. Nilikwenda siku isiyo ya kazi, kwa bodaboda, tetea akiwa ndani ya boksi mapajani, bila fomu wala gari la serikali, na kwa sababu hakukuwa na gari la kuonekana kwa mbali, nilimkuta Mama Mwenyekiti amekaa anachambua uwele. Nikampa salamu za mama yangu na maneno yake kama yalivyo. Alimfungua kuku, akampapasa kifua kama mnunuzi, akatazama kile kitambaa cha kanga kwa muda. Tangu ugonjwa upite, hakuna mtu aliyekuwa amemkopesha tetea.

Tulikwenda naye ofisi ya kijiji. Akatoa ufunguo, akafungua friji, akatoa kichupa. Kichupa kimoja ni cha kuku mamia, na kikishafunguliwa hakikai. Akakifungua hivyohivyo, mimi nikashika kichwa cha tetea, naye akadondosha tone moja kwenye jicho. Tetea akapepesa.

Njiani tukirudi akasema leo hana cha kunichinjia, nitakunywa uji. Nikamwambia uji unatosha, na nilikuwa na maana hiyo kuliko jambo lolote nililosema kwa mwaka mzima. Alimfungia tetea bandani, akaegemea mlango na lile koti lake.

"Robo ijayo utakuja?"

"Nitakuja, mama. Ndiyo kazi."

"Njoo. Lakini huyu usimhesabu."

Nikamwambia sitamhesabu, tukaingia ndani kunywa uji.